Chumba Kwenye Pikapu

Majengo, Sumbawanga
2 Mei 1993

Mwanangu Fransiska,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za jirani wasioacha kuuliza lini utakuja. Hujambo? Kazi inakwendaje? Nasikia Arusha nanyi mna baridi, lakini baridi yenu ina mlima wa kuonyesha wageni, yetu haina hata cha kujisingizia. Mimi ni mzima. Kifua kimenyamaza tangu masika, na nakuomba usiulize habari zake mara mbili, maana kila anayeingia humu ndani anakijulia hali kifua kabla ya kunijulia mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya pikapu ya marehemu baba yako. Unakumbuka ushirika ulipovunjika, yeye Marselino akapewa lile gari bovu ili anyamaze na madai yake, na hadi anakufa halijawahi kufika mbali zaidi ya uani. Sasa kaka yako Timoth amelifungia injini nyingine. Linaunguruma vizuri. Nililiendesha mpaka kanisani na kurudi, watu wakasimama kutazama mwanamke kwenye usukani, nikawapigia honi.

Jumapili iliyopita wakaniita kikao. Baba yako mdogo Evaristi alikuja na koti lake la misa, nikajua kuna jambo. Timoth akaanza: "Mama, Julai mwaka jana ulilala juu ya magunia kwenye gulio la Matai, ukaletwa hospitali hujitambui. Nililala sakafuni wodini siku tisa nasikiliza pumzi zako. Sirudii tena." Anataka gari liuzwe, nami nifunguliwe kibanda barazani niuze chumvi na viberiti.

Viberiti, Siska! Mimi niliyenunua ulezi na maharage tangu enzi za kupita njia za porini kukwepa vizuizi, wakatuita walanguzi. Leo hao hao wanatuita wafanyabiashara, biashara ni huria, na sasa ndipo mwanangu anataka nikae barazani. Nilisema maneno mengi siku ile, mengine nimeshayaungama.

Evaristi akaamua hivi. Kuanzia Juni mosi mpaka sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Agosti kumi na tano, niende magulio yangu yote, Mwimbi na Matai. Nikimaliza kipupwe chote bila kulazwa hospitali hata siku moja, kadi ya gari inaandikwa jina langu na hakuna atakayenigusa tena. Nikilazwa, gari linauzwa na mimi nakaa nyumbani. Nikakubali mbele ya wote.

Sasa wajua mwenyewe, anayelala gulioni ndiye anayenunua. Wakulima wanafika na mizigo kichwani kabla hakujapambazuka, na malori ya Mbeya yakifika saa mbili yanakuta maharage mazuri yamekwisha. Lazima nilale huko. Na wewe, kama si uongo unaoniandikia, kazi yako ni kushonea magari ya Wazungu vyumba vya kulala porini. Basi nifundishe. Nataka chumba nyuma ya pikapu, chumba ambacho baridi ya Ufipa itagonga mlango irudi ilikotoka.

Mama yako,
Bertila

*

Arusha
15 Mei 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na nimeisoma kwa sauti karakana nzima ikacheka, hasa pale pa honi. Umesema nisiulize habari za kifua. Sawa, siulizi. Nauliza tu habari za mwenye nacho.

Kaka anakupenda, Mama. Anakupenda vibaya, lakini anakupenda. Hata hivyo mimi niko upande wako, na upande wako una fundi.

Sikiliza. Kosa la watu wote ni kudhani baridi inatoka juu, wanarundika mablanketi kama maiti wa kifalme na chini wamelalia bati. Baridi inatoka chini. Lile bodi la chuma linanyonya joto la mwili mpaka asubuhi. Mwambie fundi ainue sakafu ya mbao kidogo juu ya bati, na kati ya mbao na bati mshindilie kitu chepesi, kikavu. Kuta nazo ziwe za mbao mbili, katikati mshindilie hicho hicho. Sisi huku tunatumia sponji. Huko utajua mwenyewe cha kutumia. Kitanda kifungwe ukutani kwa bawaba, usiku unakishusha, asubuhi unakipandisha na magunia yanaingia palepale ulipolala, wewe unarudi nyumbani kwenye usukani. Paa nitakuletea turubai nililolishona mwenyewe, mara mbili, la kuvalisha juu ya mbao. Nimempa dereva Ndalahwa, litabadilishwa basi Mbeya, kalifuate stendi.

Kitu kimoja usikisahau. Acha matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na mlango, jingine juu upande wa pili. Najua utasema tunaziba baridi halafu tunaikaribisha. Lakini mtu aliyelala anatoa maji kwa pumzi, na chumba kisipopumua utaamka mablanketi yamelowa, na hapo ndipo kifua kinapoanza. Samahani, nimekitaja.

Niandikie chumba kikikamilika. Nina hamu ya kukiona kuliko magari yote ya hapa.

Mwanao,
Fransiska

*

Majengo, Sumbawanga
12 Juni 1993

Mwanangu Siska,

Salamu za upendo. Turubai limefika, limeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, nimemwonyesha kila aliyepita. Sisi wazima, isipokuwa kuku mwekundu.

Chumba kimekamilika, na ngoja nikwambie kilivyokuwa. Nilimchukua Isdori seremala. Unamjua, alijifunza kwa mabruda wa misheni, na tangu miaka hiyo anatengeneza vitu vitatu tu: mabenchi ya kanisa, majeneza, na viti vya kitubio, vile vibanda vya kuungamia kwa padre kupitia kidirisha. Nikamwambia, "Isdori, benchi sitaki, na jeneza bado." Basi mkono wake ukaenda kwenye la tatu. Sikuona kitu mpaka alipomaliza. Kuta zimesimama vizuri, mbao zimeshikana hata unywele haupiti. Katikati tumeshindilia makapi ya ulezi wa mwaka jana, tumeyaanika siku tatu na kuyachanganya na majivu ili panya wasijenge ukoo humo. Sakafu hivyo hivyo. Mlangoni nimetundika ngozi ya ng'ombe niliyopewa na Masalu, yule Msukuma anayeleta mifugo gulioni Mwimbi. Mkewe Hellena ndiye anayeniuzia maziwa ya moto alfajiri. Joto, mwanangu! Usiku wa kwanza uani nililala na shuka moja.

Lakini yale matundu mawili uliyosema. Isdori ameyatengeneza kwa vipande vya mbao vilivyopishana mshazari, na kila moja lina kifuniko cha kusukuma, na juu ya lile kubwa amechonga msalaba mdogo kwa mazoea. Siska, ni kiti cha kitubio chenye magurudumu manne.

Matai walinisubiri. Sijashuka vizuri kitandani, mchuuzi mmoja akapiga magoti kando ya kidirisha: "Padre, nimekosa, nimechanganya mchanga kwenye maharage." Nikamjibu toka ndani, "Kamwombe msamaha uliyemuuzia, kisha niletee mimi yaliyo safi." Gulio lilivunjika mbavu. Mimi nami nilicheka. Siku hiyo nilinunua vizuri kuliko mwaka jana wote, maana kila aliyekuja kucheka alikuja na mzigo.

Ila kicheko kikizidi kinageuka. Mara ya pili wakapanga foleni. Gari wakaliita Parokia. Kisha katekista wa kule akanijia uso umekunjamana, akasema nadhihaki sakramenti. Mimi, niliyebatizwa siku ya tatu! Maneno yakafika mjini mpaka ofisini kwa Timoth, naye akaja kuniuliza kama nina akili timamu. Hapo niliona aibu, sikufichi. Nilikaa jikoni nisitoke.

Basi nimeyamaliza. Matundu yote mawili, la juu na la chini, nimeyaziba kwa nta na matambara, nikapigilia ubao juu na kuupaka rangi. Msalaba nimeubandua kwa heshima nikampa Isdori. Sasa ni chumba kama chumba kingine, hakuna atakayeungama. Na joto halitoki kabisa. Baridi ikikaza zaidi, jiko dogo la mkaa kwa muda kidogo litatosha kukipasha kabla sijalala.

Mama yako,
Bertila

*

Arusha
17 Juni 1993

Mama,

Shikamoo. Samahani barua hii haina salamu ndefu, Ndalahwa anawasha basi nami naandika nimesimama.

Zibua matundu leo. Usingoje kesho. Na jiko la mkaa lisiingie humo ndani hata kwa dakika moja, hata kama halitoi moshi. Lisilotoa moshi ndilo baya zaidi. Hewa yake haina harufu, inakulaza usingizi mtamu na huamki. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo.

Nijibu kwa mkono wa dereva yeyote anayekuja huku. Andika neno moja tu: nimezibua.

Mwanao,
Fransiska

*

Arusha
4 Julai 1993

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimeandika sentensi hiyo maisha yangu yote bila kuifikiria, leo nimeiandika na kalamu imesimama.

Wiki mbili na zaidi zimepita. Stendi nimekwenda mara nne. Ndalahwa anasema barua yangu aliikabidhi Mbeya kwa mwenzake, basi likaharibika Tunduma, zaidi ya hapo hajui. Nimepiga simu posta ya Sumbawanga, wakaahidi kumtuma mtu Majengo, hakuna jibu. Kaka naye haandiki, na sijui kama kimya chake ni cha hasira au cha msiba. Nikiamka asubuhi nakuona umelala kwenye chumba nilichokufundisha mimi kukijenga.

Kama barua hii itapita tarehe kumi na mbili bila jibu, nakuja. Nimeshaomba ruhusa.

Mwanao,
Siska

*

Majengo, Sumbawanga
9 Julai 1993

Mwanangu,

Mimi ni hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata. Usije, kaa kazini. Hujambo, mwanangu? Nisamehe.

Barua yako ya kunihimiza nizibue ilinifikia Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Ilipaswa kufika Jumatatu. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikichukua kalamu nijibu, aibu inanishika mkono. Sasa ya pili imefika na siwezi tena kukuacha unateseka.

Jumatatu ile, tarehe ishirini na moja, nilikwenda Mwimbi. Baridi ilikuwa ya kuvunja mifupa, hata pombe klabuni watu walikunywa wakiwa wamesimama. Nilipika ugali wangu nje, nikala, mkaa ukawa umeshika vizuri, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi. Nikaingiza jiko ndani, nikafunga. Siska, jikoni kwa bibi yako tulilala na moto usiku na mchana, tukazaliwa humo na kukulia humo, hakuna aliyekufa. Sikukumbuka kwamba nyumba ya bibi yako ni ya nyasi, na nyasi inapumua. Mimi nilikuwa nimejifungia kwenye kihenge kilichokandikwa.

Sikumbuki kulala. Nakumbuka joto zuri na kuwaza kwamba Timoth angeniona sasa. Mengine nimesimuliwa. Hellena alikuja na maziwa yake alfajiri akakuta mlango umefungwa. Mimi ambaye kila siku ndiye ninayemgombeza kwa kuchelewa! Akagonga: "Mama Timoth! We Mama Timoth! Leo umeamua kuwa bibi harusi?" Kimya. Akamwita Masalu, naye hakuuliza, akatia bega lake kwenye kazi ya Isdori na mlango ukatoka na bawaba zake. Walinilaza chini kwenye majani. Yalikuwa meupe kwa baridi, na hiyo baridi niliyokuwa naikimbia ndiyo iliyoniamsha. Nilitapika mpaka nyongo. Kichwa kiliniuma siku tatu.

Masalu akasema, "Nakupeleka dispensari." Nilimshika mguu. Nikamwambia, "Ukinipeleka dispensari, umeniuzia gari." Akasema, "Mama, ng'ombe akiugua simfichi, nyie watu mna nini?" Lakini alininyamazia, na Hellena pia. Timoth hajui. Hakuna ajuaye isipokuwa hao wawili, na sasa wewe.

Tangu siku hiyo siwezi kuingia mle ndani. Nimekwenda magulio yote sijaruka hata moja, ila nimelala nje juu ya magunia kama mwaka jana, na tangu juzi kifua kimeanza kukwaruza. Nilikataa kuuza viberiti, nikakaribia kuuza roho. Kwa nini? Kwa sababu watu walinicheka kidirisha. Najiona mjinga, na mimi sijazoea kujiona hivyo.

Nafikiri nimpe Timoth ufunguo mwenyewe kabla sijalazwa na kuaibika mbele ya Evaristi. Niambie unavyoona. Lakini nakuomba kwa jina la baba yako, usimwambie kaka yako lililotokea.

Mama yako,
Bertila

*

Arusha
20 Julai 1993

Mama yangu, Mama yangu,

Shikamoo, na asante kwa kuwa hai. Mpe Hellena salamu zangu kwanza, kisha Masalu, kisha ndipo uchukue zako.

Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Hasira si kwako peke yako. Niliandika ukurasa mzima wa sponji na bawaba, na neno moto sikulitaja, kwa sababu wageni wa hapa hawasafiri na jiko la mkaa. Nilimfundisha Mzungu asiyekuwepo, nikamsahau mama yangu. Hilo nitalibeba mimi.

Sasa la aibu. Wewe uliitwa mlanguzi miaka kumi, ukabeba magunia porini, hukufa. Utakufa kwa kuitwa Padre? Waache wapange foleni. Umesema mwenyewe kila aliyekuja kucheka alikuja na mzigo.

Usimpe Kaka ufunguo. Chumba si kibaya, Mama. Chumba ni kizuri mno, kasoro yake ni aibu uliyokipachika. Fanya hivi. Ng'oa ule ubao, toa nta yote, matundu yabaki wazi siku zote. Ukihisi upepo unakupiga usoni, geuza kichwa upande wa pili, usizibe. Moto ubaki nje. Chukua matofali ya kuchoma manne, yapashe kwenye moto wako wa kupikia, yafunge kwenye gunia kavu, weka mawili miguuni na mawili usawa wa kiuno. Dumu la maji ya moto lifunge kwa kitenge, lilaze kando yako. Chini ya godoro tandika ngozi nyingine mbili. Usilale na nguo ulizoshinda nazo, zimenyonya jasho. Vaa kavu, na kofia, hata kama inafanana na ya askofu. Kula ugali wa ulezi kabla ya kulala, tumbo tupu halina joto. Na hiyo hofu, usiingie peke yako mara ya kwanza. Lala na mtu.

Kuhusu Kaka. Sitamwambia. Utamwambia wewe.

Najua unanikasirikia unaposoma hapa. Kikao kilisema usilazwe hospitali, hakikusema ufiche. Ukifika Kupalizwa na kadi ukaipata kwa kunyamaza, kila ukiwasha hilo gari utajua ulilipata vipi, nami nitajua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kilishafika mlangoni, Hellena akakitangulia. Ninaogopa atauza. Lakini ninaogopa zaidi wewe kulala nje wiki zote zilizobaki kwa ajili ya kulinda siri.

Mwambie, Mama. Mwambie yote, hata la matapishi.

Mwanao anayekupenda,
Fransiska

*

Majengo, Sumbawanga
29 Agosti 1993

Mwanangu Fransiska,

Salamu zikufikie popote ulipo, na kama umekaa, simama! Hujambo? Mimi sijambo, sijambo kabisa, uliza habari za kifua mara mbili ukitaka, uliza hata tatu.

Nilikukasirikia siku mbili kama ulivyotabiri. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa saba nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda kwa Timoth. Nilimweleza yote, mpaka la matapishi. Akatoka nje akasimama ukutani, nikaona mabega yanatikisika. Kisha akarudi akafoka mpaka mkewe akafunga madirisha. "Mama, kikao kimekwisha! Gari nauza Jumatatu!" Nikamwambia, "Kikao hakijafika Kupalizwa, na sijalazwa. Ila nimekuja kukwambia ukweli ili ukitaka kuniuzia, uniuzie ukijua." Akasema, "Basi twende wote. Nalala humo mimi. Nikikusikia unakohoa hata mara moja, au mimi nikikohoa, asubuhi gari linakwenda kwa mnunuzi."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Isdori aling'oa ubao jioni hiyo hiyo. Alifurahi kuyaona tena matundu yake, akayapangusa vumbi kwa kiganja. Mlango nao aliurudisha. Jumatatu tukafika Mwimbi, na Mungu hakunipunguzia kitu, baridi ilikuwa ileile ya siku ile. Nilipasha matofali, nikafunga dumu, nikatandika ngozi. Timoth ananifuata nyuma anagusa kila kitu kama mkaguzi. Mimi nikapanda kitandani, yeye akajinyoosha sakafuni na miguu yake mirefu ikagota mlangoni. Ukiacha kule wodini, tangu ana miaka mitano hatujalala chumba kimoja. Nilipoufunga ule mlango, Siska, nikashika kingo za kitanda. Naye akaniuliza gizani, "Mama, unaogopa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi." Basi tukawa sawa.

Aliniambia baadaye kwamba alikaa macho kwa makusudi akisikiliza pumzi zangu, kama alivyofanya wodini. Alingoja zikwaruze. Hazikukwaruza. Akangoja zaidi. Zilikuwa zinakwenda tu, zinatoka na kuingia, na joto la tofali nililompa liko miguuni pake, akachoka kungoja na usingizi ukamchukua.

Mimi niliamka kabla ya jogoo, kifua kikavu, blanketi kavu. Nikamruka mwanangu nikatoka nje. Majani yalikuwa meupe tena. Wachuuzi wenzangu wamejikunyata kwenye magunia, mmoja anakohoa hawezi kusema bei. Wakulima wakaanza kushuka na mizigo, nikanunua maharage, nikanunua ulezi, nikanunua mpaka vigunia vikapangana kunizunguka. Jua likapanda. Malori ya Mbeya yakaja, yakauliza, yakaambiwa, "Yote yameishia kwa Mama Timoth." Na mimi siwezi kupakia, kwa sababu Bwana Timoth mkaguzi amelala kwenye gari langu!

Saa tatu, Siska. Saa tatu na nusu ndipo Hellena alipokwenda kupiga bodi kwa ndoo ya maziwa: "Padre, waumini wamekuja!" Mlango ukafunguka. Akatoka kaka yako na shati, hana koti, nywele upande mmoja, uso umevimba kwa usingizi, na gulio zima linamtazama. Yule mchuuzi wa mchanga akampigia magoti. Nilidhani atakasirika. Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba yako. Kisha akavua saa, akakunja mikono, akapakia magunia yote mwenyewe.

Nilikwenda magulio mengine matatu baada ya hapo, nikalala humo peke yangu, matundu wazi. Mara ya kwanza nilisali rozari nzima. Mara ya pili nusu. Mara ya tatu nilisinzia kwenye ishara ya msalaba.

Siku ya Kupalizwa tukakaa baada ya misa. Evaristi na koti lake. Nikasimama nikasimulia tena mbele ya wote lile la mkaa, maana sikutaka mtu aje alisikie sokoni. Evaristi akasema, "Hapo shemeji ulivunja makubaliano." Timoth ndiye aliyesimama. Akasema, "Baba mdogo, mwaka jana mama alilala nje akaugua nikataka kumfunga ndani. Mwaka huu alijifunga ndani akakaribia kufa. Mimi nimelala kwenye chumba chake. Nyumbani kwangu kuna baridi kuliko mle. Mpe gari lake." Evaristi alitafunatafuna mdomo, akauliza kama Isdori anaweza kumtengenezea kitanda cha namna hiyo.

Isdori hana nafasi. Wachuuzi wanne wameweka oda, na kila mmoja nimemwita pembeni nikamwambia habari ya jiko la mkaa, bila kuficha, mpaka wengine wananikimbia. Wanataka paa la turubai lililoshonwa mara mbili. Nimewaambia fundi wake yuko Arusha na sijui atakuja lini, ila nimeshafagia kile chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Fikiria.

Juzi Timoth alileta kadi. Alijaza fomu mwenyewe, akapanga foleni mwenyewe. Nimelisoma jina langu, nikaigeuza kadi, nikalisoma tena. Nimeiweka kwenye Biblia, kisha nikaitoa, nimeiweka kifuani. Kesho ni Jumatatu, natoka saa nane mchana kwenda Mwimbi.

Mama yako,
Bertila, mwenye gari